Paa la Robo Nne

Kutoka juu ya jengo la kufulia la hospitali, pale mashuka yanapoanikwa, mtaa wa ng'ambo ya reli ulionekana kama kanzu ya fukara: kiraka juu ya kiraka. Hakuna nyumba iliyokuwa na paa la rangi moja. Robo ya bati jekundu lililopauka, robo ya kijani, robo ya kijivu, na robo iliyoshika kutu hata haikumbuki ilizaliwa na rangi gani. Mgeni angedhani watu wa pale wanapenda madoido. Hawakuwa na madoido yoyote. Walikuwa na kanuni.

Kanuni yenyewe ilikuwa fupi. Anayekarabati sehemu isiyozidi robo ya paa lake, mara moja kwa mwaka, haombi kibali cha mtu. Anayebadilisha zaidi ya hapo sharti apeleke mchoro, barua na hati ya nyumba katika ofisi ya majengo ya mji, kisha asubiri. Neno hilo la mwisho ndilo lililoujenga mtaa. Kwa kuwa kusubiri kulikuwa kwa miezi, na mvua haijui foleni, watu waliezeka robo mwaka huu na robo mwaka ujao, na mwaka wa nne wakawa na paa jipya ambalo halikuombwa na yeyote wala kukaguliwa na yeyote. Kanuni iliyowekwa ili watu wasilale chini ya mbao mbovu ikawafundisha namna ya kulala chini yake bila kosa.

Mwanamke aliyekuwa akiyatazama mapaa hayo huku akibana mashuka kwenye kamba alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Baadaye mtaa ulimpa jina la Mama Kigoda, na kwa kuwa alilipata kwa jasho lake, na tumwite hivyo tangu sasa. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya dawa, miguu yake ilivimba kila jioni kwa kusimama kwenye pasi, na kichwani alikuwa na tabia moja ambayo kazi ilimtia kama inavyomtia mtu kibiongo. Katika chumba cha kufulia kulikuwa na daftari. Shuka likitoboka, unaandika limetoboka, na wapi. Likiwa na doa lisilotoka, unaandika. Usipoandika, wodi italirudisha, na tobo litakuwa lako. Miaka ishirini na miwili aliandika matobo ya watu, na hakuna shuka lililowahi kumrudia kwa lawama. Aliamini, maskini, kwamba dunia nzima huendeshwa na daftari la namna hiyo.

Nyumba aliyoishi ilikuwa ya mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na tisa aliyebakiwa na macho hafifu na ulimi usiopungua makali. Vyumba vitatu, ukumbi mwembamba, jiko nyuma. Bibi alilala chumba cha katikati, chini ya mahali ambapo robo zote nne za paa zilikutana. Robo hizo ziliwekwa na mwanawe, dereva wa lori, ambaye sasa ni marehemu, akisaidiana na rafiki yake aliyeitwa Fundi Robo. Huyu alikuwa bingwa wa mtaa. Alipima robo ya paa kwa futi yake ya chuma kwa uaminifu hata hakuna ofisa aliyeweza kumshika kwa upana wa kidole.

Jumanne moja, bibi akiwa bafuni, kipande cha mbao chenye urefu wa mwiko kilitoboa dari na kutua juu ya mto, pale pale kichwa chake kinapolala. Mama Kigoda alipokiokota, kilimomonyoka mikononi mwake kama mkate mkavu. Akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki, kama afanyavyo mtu anayejua ataulizwa ushahidi, kisha akamwita Fundi Robo.

Fundi alipanda, akashuka, akajikung'uta vumbi. Akasema kwamba robo ya kwanza imetimiza miaka yake, na kwamba mzunguko unaweza kuanza upya: bati la kijivu kwanza, mengine yatafuata. Mama Kigoda akamwuliza habari za kenchi, kile kiunzi cha mbao kinachobeba mabati.

“Kenchi haiguswi kwa robo, shemeji,” fundi akajibu. “Ukiigusa umefungua paa zima. Na ukifungua paa zima, lazima kibali.”

“Kwa hiyo ulipokuwa unaweka zile robo nne, hizo mbao za chini hukuziona?”

Fundi akajikuna shingo. “Niliziona. Marehemu naye aliziona. Tukasema bado zina siku.”

“Basi siku zenyewe zimekwisha. Zimemwangukia mama kwenye mto.”

Yalisemwa bila hasira. Hasira inataka nguvu. Akamwambia kwamba safari hii ataomba kibali cha paa lote, mbao na bati, kabla ya mvua kubwa, na mvua kubwa ilikuwa miezi minne mbele. Fundi alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake akivua viatu ili aingie mtoni. Akampa ushauri mmoja tu: aandike kidogo. “Karatasi ina njaa, shemeji. Ukiilisha, itaomba tena.”

Ofisi ya majengo ilikuwa na madirisha manne, na mbele yake ukumbi mrefu wa sakafu ya saruji. Zamani palikuwa na mabenchi. Yaliondolewa, na sababu yake haikubandikwa popote. Kilichobandikwa ni kibao kilichosomeka kwamba muda ni mali. Watu walisimama chini ya kibao hicho tangu alfajiri, wakiegemea ukuta hata ukawa na mstari mweusi wa mabega. Yeye alikuwa na zamu ya mchana hospitalini, hivyo asubuhi zake zote alizitoa sadaka pale. Siku ya tatu miguu ilikataa. Siku ya nne akaja na kigoda alichokalia akifua nyumbani. Watu walicheka. Siku ya tano wakaanza kukiazima, naye akapanga zamu: wajawazito kwanza, wazee pili, halafu walioambiwa “rudi kesho” zaidi ya mara tatu. Hivyo ndivyo jina lilivyopatikana. Raia mmoja mwenye kigoda alikuwa ameifanyia foleni ile hisani ambayo ofisi nzima yenye bajeti na mhuri haikuifikiria.

Na sasa tufike kwenye kosa lake. Barua ya maombi aliiandika mwenyewe, kurasa mbili, kwa mwandiko ule ule wa daftari la kufulia. Aliandika kwamba paa lililopo liliwekwa na marehemu mumewe kwa robo nne katika miaka minne, kila robo kwa mujibu wa kanuni. Kwamba mbao za chini hazikubadilishwa. Kwamba zimeoza, na wapi. Akaambatanisha mchoro aliochorewa na mchoraji mwenye leseni, nakala ya hati ya nyumba, na kile kipande cha mbao.

Karani wa dirisha la pili alikuwa kijana mwenye shati lililonyooka. Mama Kigoda aliona kwamba ukosi wake umepigwa pasi kwa upande usio wake, lakini akanyamaza. Karani alisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, na kidole kikasimama.

“Mama, nani alikuambia uandike haya ya robo nne?”

“Hakuna, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa.”

“Ungesema tu paa limechakaa, ungekuwa umeshapita. Sasa umeandika kwamba paa lote lilibadilishwa. Paa lote likibadilishwa linataka kibali. Kibali chake kiko wapi?”

“Robo haihitaji kibali.”

“Robo haihitaji. Hizi ni nne.”

Akamweleza, bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma saa ukutani. Ndani ya jalada la nyumba ile bado kulikuwa na paa la vigae lililochorwa na baba mkwe wake siku ya kwanza. Hilo la bati, kwa ofisi, halikuwapo. Na kitu kisichokuwapo hakiwezi kubadilishwa. Sharti kwanza ombi la kulihalalisha paa lililopo, mkaguzi aje alithibitishe kuwa ni imara, lipewe hati. Kisha ndipo aombe kulitoa.

“Nilihalalishe paa ninalotaka kulitupa,” alisema Mama Kigoda taratibu, akitaka kuhakikisha amesikia.

“Ndiyo, mama. Halafu ulitupe.”

“Na mkaguzi athibitishe kwamba ni imara.”

“Ndiyo.”

Akakiweka kile kipande kwenye ubao wa dirisha. Kilimwaga unga mwembamba wa rangi ya kahawia. Karani alikisukuma kwa kalamu mpaka ukingoni.

“Mbao si kiambatisho, mama.”

Alikichukua, akakirudisha mfukoni, akaomba fomu ya kuhalalisha.

Siku hiyo hiyo aliporudi kazini alikunja mashuka mia moja na arobaini. Hakuna aliyemwibia, hakuna aliyemwomba kitu kidogo, karani hakumtukana. Laiti kungekuwa na mwizi, angeshtakiwa. Lakini hapa palikuwa na watu waaminifu wakitii karatasi, na karatasi haina shingo ya kukamatwa. Aliyenyamaza juu ya robo zake alipita mlango wazi. Aliyezisema alifungiwa. Mji unaopanga mambo yake hivyo usije ukashangaa kesho ukikuta umezaa raia waongo, umewalea wenyewe.

Wiki zilipita. Kitanda cha bibi kilihamishiwa ukumbini, miguu ikielekea mlangoni, na kila aingiaye alilazimika kupita kwa ubavu. Bibi alikuwa na la kusema juu ya hilo, kama alivyokuwa nalo juu ya kila kitu.

“Mwanangu alikuoa, Mungu akamchukua. Sasa naona umeolewa na ofisi. Huyu naye hakurudishi mapema.”

“Huyu hata mahari hajatoa, mama.”

“Na chakula chake unapika wewe,” bibi akamalizia, akajifunika shuka.

Mke wa kinyozi, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa wakati huo anaezeka robo yake ya tatu. Nyundo za Fundi Robo zilisikika siku mbili tu, kisha kimya. Alipita kumjulia bibi hali, akasimama mlangoni na kusema kwa upole uliokuwa na mwiba ndani yake: “Jirani, mwenzangu, ukweli wako umekufikisha wapi? Kwenye kigoda.” Mama Kigoda alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kukasirika na jirani aliona ni kazi ya ziada isiyolipwa.

Wiki ya kumi na moja alikuja mkaguzi. Mji ule wenye madirisha manne ya kupokea maombi ulikuwa na mkaguzi mmoja wa kuyakagua, na mkaguzi huyo hakuwa na ngazi. Aliazima kila anakokwenda. Alikuwa mtu mzima, goti lake moja bovu, akipanda kila kidato kwa mguu ule ule kama mtoto anayejifunza. Aliingiza kichwa kwenye tundu la dari, akakaa huko kwa muda mrefu. Chini walimsikia akigonga, kisha hawakusikia kitu.

Alipoteremka, kalamu yake ilikuwa na unga wa kahawia mpaka kwenye kifuniko. Aliomba maji, akaketi kwenye kigoda.

“Nimechomeka kalamu kwenye boriti ya katikati,” alisema. “Imeingia yote.”

Mama Kigoda akamwambia kwamba aliiandika hiyo kwenye barua.

“Nimeisoma. Sasa sikiliza, mama. Nikiandika paa ni imara, unapata hati wiki ijayo, unaomba kubadilisha, mambo yanakwenda. Nikiandika ni bovu, hati hupati, na bila hati hubadilishi.” Akaifuta kalamu kwenye suruali. “Wengine huniomba niandike ni imara.”

Ilikuwa sentensi moja tu ya kuomba, na mtu mwingine angeitamka akapona. Mama Kigoda aliitazama mikono yake.

“Andika unachokiona, bwana mkaguzi.”

“Nilijua utasema hivyo. Mtu anayeandika kurasa mbili.” Hakucheka, lakini alikaribia. Kisha akaeleza kwamba kuna njia ya tatu, ambayo haikubandikwa kwenye dirisha lolote. Kanuni za majengo ya hatari. Akilitangaza paa lile kuwa hatari, ofisi yenyewe ndiyo inayoamuru liezuliwe, na paa lililoamriwa kuezuliwa haliulizwi lilipata wapi uhalali. Kibali cha jipya kinapaswa kutolewa ndani ya siku saba. Lakini wakazi wahame siku hiyo hiyo. Ukuta wa mbele upakwe alama nyekundu ya mkasi, mistari miwili iliyokatizana. Na kazi isipokamilika ndani ya siku thelathini, amri inahama kutoka paani kwenda kwenye nyumba nzima.

“Nyumba nzima, kivipi?” aliuliza Mama Kigoda.

“Tingatinga.”

Nyumba haikuwa yake ya kuikubalia. Akamgeukia bibi, aliyekuwa amelala kitandani pale pale ukumbini akijifanya hasikii. Mkaguzi alirudia yote kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema na wazee wasioona.

“Masikio ninayo,” bibi alisema. “Nimeolewa humu, nimezaa humu, nimezika nikitokea humu. Leo nipakwe rangi kama ndama wa mnada.” Mkono wake ulitembea juu ya shuka ukitafuta ukingo. “Hizo mbao, mwanangu aliziona zimeoza?”

Mama Kigoda angeweza kusema hapana.

“Aliziona, mama. Alisema bado zina siku.”

Bibi alitikisa kichwa polepole. “Kama baba yake. Haya, nileteeni huo wino.” Akatoa kidole gumba kabla hawajamwonyesha pa kukiweka.

Mkaguzi alipokuwa akijaza fomu aliomba kile kipande cha mbao. Alikifunga kwa uzi kwenye kona ya jalada, akaandika kwa herufi kubwa: kiambatisho cha tisa.

Siku saba za kibali zikawa kumi na sita. Bibi alihamia kwa mke wa kinyozi, chini ya zile robo tatu mpya na moja ya kutu. Mama Kigoda alilala jikoni pembeni mwa vyombo, asubuhi akabeba kigoda chake kwenda kwenye foleni, mchana akaenda kwenye mashuka. Wapita njia walipunguza mwendo mbele ya ile alama nyekundu, kama wanavyopunguza mbele ya nyumba yenye msiba. Siku ya kumi na saba Fundi Robo na wenzake wawili walipanda. Alipoondoa mabati yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, na kuona kenchi nzima mchana kweupe, alikaa juu ya ukuta kwa kitambo, futi yake ya chuma mkononi, bila kupima kitu.

“Shemeji,” aliita kutoka juu. “Hii ilikuwa imesimama kwa adabu tu.”

Mbao mpya zilisimama siku ya ishirini na mbili. Hapo kanuni ikasema wasifunike mpaka mkaguzi azione, na mkaguzi alikuwa kwenye nyumba nyingine akitafuta ngazi. Siku tatu mbao zilikaa uchi. Siku ya pili yake mawingu yalishuka na kutoa rasharasha, ikalowesha kuta za vyumba vyote, na Mama Kigoda alisimama katikati ya chumba cha bibi akiutazama ule mraba wa mbingu, akihesabu siku zilizobaki kwa vidole vilivyokunjamana. Hakuomba dua ndefu. Alikwenda ofisini, akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa mkaguzi, akamwambia kila aliyemfukuza kwamba yeye hayumo kwenye foleni, amekaa tu. Alipotoka, mkaguzi alimkuta. Walikwenda pamoja kwa miguu, goti bovu na miguu iliyovimba, ngazi ya Fundi Robo ikiwasubiri.

Bati la mwisho lilipigwa msumari siku ya ishirini na tisa, jioni. Lote lilikuwa la kijivu. Kutoka juu ya jengo la kufulia, siku iliyofuata, aliliona mara moja bila kulitafuta, na hakuhisi furaha aliyokuwa ameitarajia. Alihisi kiu na usingizi. Wiki hiyo mvua kubwa ikaanza, na bibi, akiwa amerudi chumba cha katikati, alilalamika kwamba bati jipya lina kelele.

Alama nyekundu haikufutwa. Kuifuta kunahitaji hati ya kufunga amri, na hati hiyo hutolewa dirisha la nne, na dirisha la nne lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Miezi mitano baadaye bado ilikuwa pale ukutani, mkasi mwekundu juu ya nyumba iliyo imara kuliko zote mtaani.

Mbele ya alama hiyo ndipo mke wa kinyozi alipomkuta Mama Kigoda alasiri moja, siku yake ya mapumziko. Jirani huyo alikuwa na karatasi tupu na kalamu ya mwanawe. Akasema maneno mengi ya kuzunguka kabla ya kufika: robo ya nne walikuwa wamekwisha kuiweka mwaka mpya ulipoingia, na juzi alipokuwa anatandika kitanda cha watoto, aliona unga wa kahawia juu ya shuka. Fundi Robo amekuja, akatazama, akakataa kugusa. Amemwambia aende kwa jirani yake.

“Sasa niandikeje, jirani? Niseme ni paa la zamani, nisitaje zile robo? Wewe ndiye uliyepita huko.”

Mama Kigoda aliitazama ile karatasi. Alijua majibu yote mawili, na alijua kila moja linagharimu asubuhi ngapi.

“Watoto wahamishe leo kutoka hicho chumba,” alisema. “Huo unga uutie kwenye mfuko. Halafu andika kila robo na mwaka wake. Usipunguze. Tukifika watu kumi wenye kurasa mbili, ofisi haitakuwa na pa kutuweka.”

“Na wakinifungia kama wewe?”

“Watakufungia.” Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa uzi pale ulipopasuka. Akampa. “Beba hiki. Kesho ni dirisha la pili. Ukifika usiegemee ukuta, unachafua nguo.”